Shamba Yenye Kufa Hailale Inje

"Papa Paluku, kaa chini."

Maneno ile Mama Lotsove aliniambia pa mudomo wa shimo, na mu maisha yangu sijasikia maneno mabaya kuliko ile. Na nimesikia mengi. Munanijua, nilikimbia vita na mutoto mugongoni, nikalala mu majani, nikarudi nikakuta nyumba iko majivu. Lakini "kaa chini" ndiyo ilinivunja.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubui. Ukuta wa shimo ya zahabu ikabomoka, na mutoto wangu Paluku alikuwa ndani. Mie nilifika na jembe yangu, jembe ileile ya maharagi, nikachimba matope kama mbwa anachimba. Halafu majirani wa shamba wakafika, majembe juu ya mabega, na Mama Lotsove akaniondolea jembe mu mikono polepole, kama vile unamuondolea mulevi chupa.

"Kaa chini, Papa Paluku. Siye tutafanya."

Huko kwa mashamba yetu, barabara ya Iga Barrière, mwenye kufiwa hashike jembe. Anakaa, wengine wanachimba. Basi vile aliniambia nikae, nilielewa kwamba watu wote pale walikuwa wamekwisha kumuzika mutoto wangu mu roho zao.

Nikakaa mu matope. Wandugu, muniache pale kwanza, nimekaa mu matope. Nitarudia.

Acha niseme kwanza namna nimefika mbele yenu leo. Papa Faustin, prezida wa shirika yetu ya walimaji, uyu mwenye kukaa mbele na kofia magotini, alikuja kwangu mu mutaa ya Nyakasanza, akakunywa chai yangu, akasema: "Papa Paluku, watu wa asiransi, ile bima ya mashamba, wanarudi kwa musimu mupya. Walimaji wanaogopa kuingia. Weye ulianguka, ukasimama. Utoe ushuhuda. Sema vile Mungu alikuinua. Lakini usitaje mutu jina, mu mukutano si vizuri."

Nikamujibu ndiyo. Ndiyo yangu ilikuwa ya kutoa ushuhuda. Ya kuficha majina, hapana, ile hakuisikia kwangu.

Mie nilisoma mpaka darasa ya tatu ya primeri, halafu masomo ikakwisha juu ya vita. Paluku ndiye alinisaidia kupanga maneno haya pa karatasi. Pale utasikia inaenda sawasawa, ni yeye. Pale itawaka moto, ni mie.

Tuanze kwa mwanzo basi.

Siye ni watu wa Butembo, watu wa biashara. Tulikuja Bunia na bibi yangu, mama wa Paluku, tukauza vitu kidogokidogo, halafu nikapata shamba kule kwa barabara ya Iga Barrière. Udongo muzuri, mweusi, unaupenda kwa kuuangalia tu. Nikapanda maharagi na mihindi. Majirani wangu pale ni wenyeji wa Ituri, watu wa ngombe na wa jembe, na walinipokea vizuri. Mama Lotsove ndiye shamba yetu inapakana. Ni mama moja wa mudomo. Siku ya kwanza aliona mistari yangu ya maharagi, akaita wengine: "Kujeni muone! Mutu wa Butembo anapanda maharagi kama anapanga viatu vya kuuza!"

Na pale ndiyo nilikuta desturi yenyewe. Munaijua wengi wenu, lakini wageni wasikie. Kama mvua ya mawe imepiga shamba ya mutu, shamba ile hailale inje. Wanasema ni kama maiti. Utaacha maiti ya jirani yako inje, jua ichwe juu yake? Basi watu wanakuja bila kuitwa, kila mutu na jembe yake. Wanageuza ile maharagi yenye kuvunjika, wanaifunika mu udongo, na palepale wanapanda kamba za viazi, juu udongo ungali na maji na njaa haingojee. Wanaiita salongo, kazi ya watu wote pamoja, lakini si salongo ya Leta, ya serikali, yenye watu wanakimbia. Na mwenye shamba hashike jembe. Anakaa pembeni, wanamuletea maji ya kunywa, wanamuchekesha. Ni kilio, lakini kilio yenye kupanda.

Ni desturi nzuri. Mpaka leo nasema ni nzuri.

Halafu asiransi ikafika. Redio inaiita bima. Gratien, mutumishi wa asiransi, ndiye aliileta. Gratien, nakutaja jina, na huna lazima ya kuangalia telefone yako, haijalia. Alisimama mu chumba hiihii, shati ya kupigwa pasi, akatueleza: munatoa feza kidogo mbele ya kupanda, na kama jua inachoma shamba, ao maji inabeba, ao mawe inapiga, nyumba ya asiransi inakulipa mavuno yako.

Muzee moja kule nyuma akauliza: "Mutoto wangu, mawe inatoka kwa Mungu. Sasa ni Mungu ndiye atalipa ao ni weye?"

Tukacheka. Gratien pia akacheka. Akatugawia kofia zenye picha ya mwavuli. Mama Lotsove akavaa yake, akauliza: "Na hii, inazuia mawe kichwani ao mpaka nitoe feza ingine?"

Mie sikucheka sana, juu nilikuwa nataka kuingia. Paluku wangu alikuwa anamaliza segonderi. Alikuwa amebakiza mwaka moja, na egzame ya Leta. Mu ukoo wetu hakuna mutu alishika diploma, hata kwa kumushikia mwingine. Na shamba ile ndiyo ilikuwa inamusomesha. Nikajisemea: mvua ikichukua shamba, itachukua na mutoto. Acha nifunge mulango mapema. Nikaingia. Gratien alitueleza mambo yote ya kulipwa. Jambo moja hakulisema: kama shamba ikipigwa, usiiguse mpaka mukaguzi wao afike aione vile imelala. Ile hakuisema. Chumba ilijaa watu siku ile, na wengi muko hapa. Mwenye alisikia asimame.

Naona hakuna.

Mawe ilifika wakati maharagi ilikuwa imekwisha kujaza maganda. Wingu ilitoka upande wa ziwa, upande wa Kasenyi, nyeusi na chini yake kijani. Walimaji munajua kijani ile. Ilipita kama mukaba: ikapiga shamba yangu na shamba ya mutu moja ngambo ya kamuto, muto mudogo wa pale, wengine ikawaacha. Nilisimama chini ya bashi, turubai yangu, nikasikia maharagi yangu inavunjika. Mutu hawezi kueleza sauti ile. Kama mutu anatafuna karibu na sikio yako.

Ikakwisha. Jua ikatoka palepale, bila haya. Shamba yote ilikuwa nyeupe ya mawe na kijani ya majani yenye kupondeka, na harufu yake ilikuwa ya mboga ya kukata. Majirani wakaanza kufika na majembe. Mama Lotsove akageuza beseni, akanikalisha juu yake. Akasema: "Kaa, mutu wa viatu. Duka yako imefungwa leo."

Na pale, wandugu, pale majembe ilikuwa inapanda juu lakini haijashuka bado, Gratien akafika na pikipiki yake. Nawaomba musikie hii vizuri. Akashuka. Akaingia mu shamba mpaka katikati, viatu vyake ya ngozi ikajaa matope. Akaokota ganda moja ya maharagi, akaipasua, akaona mbegu imepondeka ndani. Akasema: "Ah, Papa Paluku. Pole sana."

Nikamuuliza. Ni mie mwenyewe nilimuuliza, hakuna mutu alinifundisha. Nikasema: "Gratien, hawa watu wanataka kugeuza udongo. Niwaache, ao niwasimamishe mpaka watu wako waone?"

Akaangalia watu na majembe yao. Mama Lotsove alikuwa mu jua, anangojea. Akajibu: "Fanyeni kazi yenu, papa. Mie nimeona na macho yangu. Macho yangu ni macho ya asiransi."

Ile maneno ya mwisho, "macho yangu ni macho ya asiransi", mie siwezi kuibuni. Mie ni mutu wa tatu ya primeri.

Basi majembe ikashuka. Mbele jua ichwe, shamba yangu ilikuwa tuta juu ya tuta, na viazi ndani. Nilienda nyumbani na roho baridi. Nilimuambia bibi yangu: "Usilie. Gratien ameona."

Mukaguzi alikuja nyuma, siku maharagi ilikuwa imekwisha kuoza chini ya udongo. Mutu wa mbali, mwenye heshima, anapanguza miwani kila mara. Simulaumu sana yeye. Alisimama pembeni ya shamba yangu, akaona matuta mazuri na majani ya viazi inaanza kushika. Akaniuliza: "Papa, hapa nini ilikufa?"

"Maharagi. Iko chini."

"Chini wapi?"

Nikachimba na mikono, nikamuletea uchafu mweusi. Akaunusa. Akasema: "Hii ni mbolea. Mie naandika kitu naona." Halafu akamugeukia Gratien: "Weye ulifika hapa siku ya mvua?"

Na Gratien, mutoto wa watu, mwenye amebatizwa, akajibu: "Nilifika nyuma. Nilikuta kazi imekwisha."

Nikasema: "Gratien! Ulisimama hapa! Uliokota ganda!"

Akaangalia telefone yake. Vile anafanya sasa.

Papa Faustin alikuwa pale. Papa Faustin, weye pia nakutaja. Ulijua. Watu wote wa salongo walikuambia jioni ile, Mama Lotsove alikuambia mbele ya mulango yako. Ukanivuta shati, ukaniambia mu sikio: "Tia roho chini, Papa Paluku. Tukigombana na hawa, hawatarudi tena, utaharibu jina ya shirika." Basi jina ya shirika ikapona. Naiona, iko muzuri sana, imening'inia pale ukutani.

Na munajua nani alilipwa? Mutu wa ngambo ya kamuto. Siku ya mawe alikuwa Kasenyi, anatafuta samaki ya kuuza. Juu hakuwa pale wa kukalishwa, watu hawakugusa shamba yake. Ikabaki inje, imelala, inanuka. Mukaguzi akaiona, akaandika, ikalipwa. Mutu mwenye hakuwa na watu siku ile ndiye alilipwa. Mie mwenye watu walinikimbilia, nilikosa juu ya mapendo yao. Yeye hana kosa. Alikuja kwangu na muzigo ya maharagi kichwani, akaiweka chini, akarudi.

Sasa sumu ikaniingia. Kama hamujaona sumu ya namna ile, mushukuru Mungu. Mama Lotsove alipita na majirani kuangalia viazi, nikawafukuza. Nikamuambia: "Ni majembe yenu ilizika asiransi yangu. Mutoke." Mama ule wa mudomo akageuka, akapitia njia ya mbali kuanzia pale. Hata hii, Gratien, naiweka juu ya kichwa yako, juu neno yako moja ingetosha nisimuambie vile.

Viazi ilitulisha. Lakini viazi haisomeshe mutu. Masomo ikafunguka, wakamurudisha Paluku nyumbani. Akakaa kwa mulango, anasoma vitabu ya mwaka yenye ilikwisha. Siku moja akavua shati ya masomo, akaikunja vizuri, akampa mama yake.

"Papa, vijana wako kwa mashimo ya zahabu, pale karibu na shamba. Nitaenda musimu moja tu, nirudi kumaliza mwaka wa sita."

Mama yake akasema: "Yule mwenye ulisikia alirudi, ni nani? Mutaje."

Paluku akacheka: "Mama, mie nitakuwa wa kwanza."

Nikamuacha aende. Ningemupa nini pa nafasi ya shimo?

Basi sasa tunarudia pale muliniacha, mu matope.

Habari ya shimo kubomoka ilimukuta Mama Lotsove mu shamba yake. Hakuuliza kama tungali tunagombana. Alipiga kelele kutoka shamba mpaka shamba, na watu niliowafukuza wote wakakimbia na majembe, mbele ya vijana wa shimo wenyewe kupanga namna ya kufanya. Nikakaa chini vile aliniambia. Nikaangalia majembe inapanda na kushuka. Niliyajua moja moja. Ni yale yalizika maharagi yangu.

Sijui ni wakati gani. Mvua ilikuwa inanyesha tu. Halafu mutu moja akapiga kelele: "Nyamazeni!" Majembe yote ikasimama hewani. Kutoka ndani ya udongo sauti ndogo ikasema: "Papa, muguu yangu."

Mama Lotsove akageuka. Uso wake ulikuwa matope tupu, meno tu ndiyo ilionekana. Akasema: "Simama, mutu wa viatu! Hii si kilio tena! Kamata jembe!"

Wandugu, ni pale ndiyo nilirudi kuwa mutu. Nilichimba na wao, bega kwa bega, na sumu ikatoka pamoja na jasho. Imetoka kwa majirani. Kwa wengine bado iko, munaisikia.

Tulimutoa Paluku mu shimo wakati muji ilianza kuwasha mataa. Mu lopitalo madaktari waliokoa mutoto, muguu ya kuume ilishindikana. Wakaikata juu ya goti. Egzame ya Leta hakuifanya mwaka ule. Atafanya ao hatafanya, Mungu anajua. Kufika pa masomo na mikongojo, mu matope ya Bunia, ni kazi ingine.

Mulisema mie nilianguka nikasimama. Nilisimama, ndiyo. Lakini mu nyumba yetu si wote tumesimama.

Nashukuru sasa. Nashukuru wale walitoa damu yao mu lopitalo, hawatujui hata jina. Nashukuru bibi yangu, mwenye anauza samaki ya Kasenyi pa soko ya Nyakasanza, mikono inanuka makayabo, samaki ya chumvi, mpaka Siku ya Mungu, na hajanitupia hata siku moja neno ya kusema "asiransi yako". Nashukuru mutu wa ngambo ya kamuto. Nashukuru Mama Lotsove na majembe yote. Wakati tulikuwa tunalala mu lopitalo, walinilimia shamba bila kuniambia. Nilirudi nikakuta maharagi imepandwa, lakini mistari imepinda kama njia ya nyoka. Nikamuuliza, akasema: "Ni namna siye tunapanda. Hatuuze viatu."

Fundisho yangu ni hii, na ni ya jembe, si ya kanisa. Sisemi mukatae asiransi. Mawe itarudi, na mutu mwenye shamba bila kinga ni kama nyumba bila mulango. Ingieni, mwenye anataka. Na desturi yetu musiitupe juu ya mukaguzi wa miwani. Shamba yenye kufa hailale inje. Lakini pembeni, muache kipande kidogo yenye haijaguswa, na mukifunike na majani ya ndizi, kama vile unafunika uso wa maiti mpaka ndugu wa mbali afike. Ndugu wa mbali akifika, afunue aone. Halafu tuzike yote. Ile ndiyo ningeijua mbele, kama mutu angetuambia. Mutu alikuwa na kazi ya kutuambia.

Gratien, naona unafunga mufuko yako ya karatasi. Kaa chini. Leo ni mie nakuambia: kaa chini.

Umekuja kutuuzia tena, na uko na kofia zingine mu kartoni pale. Nimesikia mukubwa yako ameketi karibu yako, uyu mama mwenye miwani ya jua. Vizuri. Asikie.

Siombi unipe kitu. Maharagi imeoza, imekuwa udongo, nimekwisha kuila mu viazi. Siulize kwa nini ulisema uongo, naijua: ungesema ulitupa ruhusa, kazi yako ingekwisha. Uliponya kazi yako. Papa Faustin aliponya jina. Mie nataka neno moja tu, na haikatwe mu mushahara ya mutu. Siku ile ya mawe, pale majembe ilikuwa haijashuka, uliona ao hukuona?

Usinijibu mie. Mie nilikuwa pale, najua. Geuza kiti yako. Paluku ameketi karibu na mulango, pale mikongojo imeegemea ukuta. Mwangalie yeye, na umuambie kitu macho yako iliona.

Tunangojea. Hakuna mutu atatoka.